Nyuso za Mzee Liao

Kensington, Johannesburg
3 Juni 2012

Ya Denise,

Dada yangu, barua hii ikinuka mafuta ya nywele, usinilaumu mimi, mlaumu Mama Marthe. Ameibana katikati ya mawigi anayokuja kuuza huko Uvira. Mimi ni mzima, nimenenepa, nimekuwa mzuri kuliko siku uliyoniaga. Najua Papa hapendi simu, anasema maneno ya simu hayana mshono, ukikata tu yanafumuka. Basi haya nimeyashona kwa mkono. Msomee taratibu, na pale ninapojisifu, paza sauti.

Habari kubwa: mdogo wako ameingia kwenye opera.

Cheka kwanza, umalize. Si ile ya Wazungu, ya mtu kuimba nusu saa huku anakufa. Hii ni ya Wachina. Wanaimba, wanapigana, wanaruka sarakasi, wamepakwa rangi uso mzima. Mwenye uso mwekundu ni mwaminifu, mweusi ni mtu wa haki, mweupe ni tapeli. Ingekuwa hivyo huko kwetu tungejua nani wa kumkopesha.

Naosha masufuria katika mgahawa mmoja Cyrildene, mtaa wa Wachina, nyuma ya kilima tu kutoka hapa Kensington. Jikoni ni sisi kwa sisi, Wakongomani na Warundi, na mpishi mkuu ni Mzee Liao, mtu wa Sichuan. Juu ya mgahawa kuna ukumbi. Jumapili Wachina wanakutana pale kuimba, na usidhani opera yao ni moja! Kila mkoa una yake, na wanagombana kama makanisa ya Yeoville. Mwenyekiti wao ni Mzee Fung, ambaye babu yake alikuwa na duka Marshalltown zamani za dhahabu. Yeye ni wa Kikantoni, anaimba akipigiwa violini na saksafoni, vraiment, kweli kabisa, saksafoni. Mama Qiu ni wa mtindo wa Shaoxing, ambako wanawake ndio wanaocheza wanaume. Akivaa kanzu ya kijana msomi, hata wewe utampenda. Kuna bwana mmoja wa Pretoria anayeimba ya Beijing, na zeze linalolia kama paka aliyekanyagwa mkia; anasema yake ndiyo opera, nyingine ni michezo ya watoto. Opera ya Kun ndiyo bibi yao wote, ya filimbi na polepole. Nenda chooni, rudi, bado yuko kwenye neno lile lile.

Lakini ya Sichuan! Kwanza, nyuma ya pazia kuna watu wanaomjibu mwimbaji, kama mama zetu wa kwaya wakimjibu mchungaji. Halafu nyuso. Mzee Liao anatoka na uso mwekundu wa hariri. Anageuza shingo hivi, ni wa kijani. Anapitisha upepeo wa mkono usoni, ni mweusi. Sikupepesa jicho, na sikuona kitu.

Sasa sikia mdogo wako. Vidole vya Mzee vimekakamaa, hawezi tena sindano ndogo. Uso mmoja ulichanika, nikamwambia lete. Nikaupiga ule mshono wa kuficha, wa suti za harusi. Akauangalia, akaugeuza, akasema kwa Kiswahili chake alichookota jikoni: "Nani fundisha wewe?" Nikamwambia: mimi mwenyewe.

Wako mwenye jina linalopanda,
Exaucé


Uvira
8 Julai 2012

Exaucé, mdogo wangu mwenye kinywa,

Nilipaza sauti kama ulivyosema. Nilipofika "mimi mwenyewe", Papa alisimamisha mguu kwenye cherehani. Nikadhani amekasirika. Kumbe anacheka. "Mwongo huyu ni wangu kabisa," akasema, "hata hospitali hawakukosea." Halafu akaendelea kushona. Ungeweza kumtaja, Exaucé. Isingekupunguzia kitu.

Tuko wazima. Mvua imekataa, mto umekauka, wateja wamekauka nao. Papa ameshona sare za kwaya, wanasema watalipa sikukuu, hawakusema sikukuu gani.

Ila umemtia ugonjwa. Hizo nyuso hazimtoki kichwani. Anachukua kipande cha bitana, anakiweka usoni, anakivuta, ananiuliza, "Umeona?" Namwambia, "Nimeona, Papa, umevuta bitana." Anasema hakuna kitambaa duniani kinachokwenda mbio hivyo, ama huyo Mchina ni mchawi ama wewe ulikuwa umekunywa. Tuandikie namna inavyofanyika, apate usingizi.

Na ule vizuri, uache kuwaambia watu umenenepa. Tumeona picha.

Dada yako,
Denise


Kensington
19 Agosti 2012

Ya Denise,

Papa akose usingizi tu. Siandiki.

Si kwamba sijui. Najua! Watu bilioni nzima wa China hawajui na mimi wa Uvira najua, hebu kaa na hilo kidogo. Lakini nimekula kiapo. Hiyo kazi haifundishwi ovyo. Mwalimu anampa mwanawe, au mwanafunzi aliyempigia magoti, basi. Mzee Liao hana mtoto wa kiume, ana binti huko kwao mwenye duka la simu, hataki hata kusikia. Na mimi kila nikishona uso nilikuwa nauona kwa ndani, unaelewa? Siku moja akaniambia: "Wewe jua nusu. Nusu mbaya. Jua yote au toka."

Basi tulifanya juu ukumbini, mbele ya wote. Yeye kwenye kiti, mimi magoti chini, paji la uso hadi sakafuni, kisha nikampa kikombe cha chai kwa mikono miwili. Mungu atanielewa, sikuomba kitu, nilitoa chai tu. Mzee Fung hakupenda. Alisema kwa Kiingereza, ili nisikie, kwamba mtu hampi jirani ufunguo wa ghala. Mzee Liao akajibu: "Mdomo yake sasa mdomo yangu." Akanywa chai yote.

Nikaapa: sitasema, sitaonyesha, sitacheza peke yangu mpaka aniruhusu. Sharp, kama wanavyosema hapa: mambo safi.

Tulikwenda Midrand kwenye sherehe ya ofisi moja kubwa. Mimi ndiye niliyemvisha joho na nyuso, kila kitu mahali pake. Wazungu walipiga kelele kama wanaibiwa. Mimi nyuma ya pazia nimekunja mikono, kama mtu aliyeumba mwezi.

Hapa Kensington kuna msichana anaitwa Kelly, anasuka saluni ya barabara kuu. Nimemwambia mimi ni msanii. Akasema, "Msanii gani mikono inanuka kitunguu?" Mwezi ujao binamu yetu Firmin anaoa, sherehe itakuwa kwenye ukumbi wa kanisa hapa hapa, na Kelly ni msimamizi wa bibi harusi. Basi nasubiri tu. Atajua.

Mwambie Papa mshono wake unafika mbali. Umefurahi sasa?

Mwanafunzi wa Mzee Liao,
Exaucé


Johannesburg
14 Oktoba 2012

Ya Denise,

Barua yako ya Septemba nimeipata. Asante.

Mimi mzima. Miti ya mjakaranda imechanua, barabara zote zambarau. Harusi ya Firmin ilikwenda vizuri, walikula, walicheza, bibi harusi alipendeza.

Opera imepumzika kidogo. Wana likizo yao. Kwa sasa naosha vioo vya magari pale robot ya Bruma, ndivyo wanavyoita taa za barabarani, ni kazi nzuri, unapata hewa. Masufuria yalikuwa yananiharibu kucha.

Usimuulize Mama Marthe habari zangu, yeye anapenda kuongeza chumvi.

Sina mengi.

Exaucé


Uvira
11 Novemba 2012

Exaucé wetu, staa wetu!

Likizo! Ulifikiri utatuficha? Mtoto wa Mama Marthe amekuja na simu, na ndani ya simu, wewe! Harusini, na joho jeusi lenye nakshi za dhahabu, unageuza shingo kama jogoo. Uso mwekundu, wa bluu, wa njano! Tulipiga vigelegele mpaka jirani akadhani nimepata mchumba.

Ule wa nne ulipokwama, nusu wewe nusu shetani, ukabaki unavuta, na Firmin akakufunua joho mbele ya watu, ee Mungu, nilicheka nikakaa chini. Na wewe mwenyewe ulivyocheka! Halafu ukafanya jambo lililompendeza Papa kuliko yote. Ulivua joho ukawaeleza watu, taratibu, kitu kwa kitu, hiki kinafanya hivi, hiki kinakwenda pale, kama mwalimu na ubao. Papa akasema, "Huyu alifukuzwa darasa la nane? Waliomfukuza ndio wajinga." Akaomba irudishwe. Ikarudishwa. Mara ngapi sijui, mpaka moto wa betri ya simu ukaisha.

Sasa sikia, kaa chini. Papa ameshona! Nyuso za bitana na vipande vya kitenge, zinabadilika kama zako, au karibu. Amemjaribia Padri, Padri akaangusha kofia. Siku ya Noeli, kwenye sikukuu ya watoto wa parokia, Papa atapanda mwenyewe mbele ya watu wote. Wewe unajua alivyo, hajawahi kusimama mbele hata kusoma tangazo. Sasa anafanya mazoezi mbele ya kioo cha wateja. Amewafundisha na watoto wawili wa jirani wamsaidie. Anasema, "Hii nimefundishwa na mwanangu."

Mwambie huyo Mzee Liao tunamshukuru sana, na kwamba yupo mwenzake Uvira.

Dada yako anayetembea shingo juu,
Denise


Johannesburg
2 Desemba 2012

Ya Denise,

Soma hii peke yako kwanza. Halafu utaona namna ya kumsomea Papa.

Nilimpigia Papa simu. Aliposema "Alo? Nani?" nikakata. Ndiyo ile simu ya Jumanne. Ilikuwa mimi.

Hakuna likizo. Sikuruhusiwa kucheza harusini. Nililichukua sanduku la nyuso la Mzee Liao kwa mlango wa nyuma, nikajiambia ni jioni moja tu, nitarudisha kabla hajaamka. Nilitaka Kelly anione. Ndiyo hiyo tu, Ya Denise, hakuna sababu nyingine kubwa, ningependa ingekuwepo.

Uso wa nne ulikwama kwa sababu nilijifunga mwenyewe kwa haraka. Watu wakacheka. Sasa ningeweza kukimbia. Ningeweza kujifunika na kutoka, wakacheka wiki moja, wakasahau. Lakini mimi sikuweza kuvumilia kuchekwa, si unanijua? Nikaona nitageuza kicheko kiwe sifa. Nikavua joho, nikaanza: "Mnadhani ni rahisi? Njooni niwaonyeshe." Nikaonyesha kila kitu. Mambo ambayo baba yake Liao alimfundisha kwa kumnong'oneza, mimi nimeyasema kwa kipaza sauti cha DJ. Na nilikuwa nafurahi! Hilo ndilo linaloniamsha. Ukiitazama hiyo video utaniona nimefurahi.

Na unajua Kelly alisema nini? Alisema, "Aa, kumbe ni hivyo tu."

Sanduku nililiacha mlangoni pa jiko asubuhi, kama mtu anayetupa mtoto, nikakimbia. Sijarudi. Yaliyofuata nimeyasikia kwa Jean-Claude, Mrundi wa jikoni. Video ilifika Cyrildene kabla ya bibi harusi kufungua zawadi. Mzee Fung aliita kamati. Wakamuuliza Liao kama ni yeye aliyeniruhusu. Angesema hapana, angepona. Yeye alisema: "Nilikunywa chai yake." Basi. Wamemwondoa kwenye ratiba zote mpaka waamue. Kwenye sherehe nyingine ya Midrand, ya kufunga mwaka, wamewaita wacheza mapanga. Jean-Claude anasema Mzee anapika tu, hafungui sanduku.

Siku moja gari lake lilisimama pale robot. Mimi na kitambaa changu na sabuni. Aliniona. Nikajifanya naosha kioo cha gari la nyuma, na gari la nyuma lilikuwa halina hata kioo, lilikuwa trela.

Nikapata barua yako. Ulipoandika Papa anasema "nimefundishwa na mwanangu", niliikunja nikaiweka chini ya godoro, nikaitoa, nikaiweka tena.

Ya Denise, nyuso hizo zisipande. Mwambie Papa sikumfundisha. Nilimwibia mtu nikampa yeye, naye hajui amebeba kitu cha wizi. Mwambie azifumue. Najua ninachoomba. Najua watu wote wa parokia wanasubiri.

Sina uso wa kumwomba mwenyewe.

Exaucé


Uvira
6 Januari 2013

Exaucé,

Nilimsomea yote, sikuruka neno. Ulisema nitafute namna, hakuna namna.

Papa alivua miwani akaisafisha, akaivaa, akaivua. Ilikuwa imebaki siku chache Noeli ifike. Nikamwambia, "Papa, Mchina yuko mbali, nani atajua? Panda mara moja tu, kisha tuzichome." Ndiyo, mimi nilimwambia hivyo. Nakuambia ili usidhani hapa kuna malaika.

Akanijibu: "Fundi akiona mshono wa mwenzake sokoni akauiga, hiyo ni biashara. Hapa nimeuona kwa sababu mtoto wangu alikula kiapo akakitapika."

Siku ya sikukuu alikwenda. Alivaa suti. Watoto wamekaa mbele chini, wakubwa nyuma, Padri ameshamtangaza. Papa akapanda na mfuko, akatoa nyuso, akatoa wembe, akakaa kwenye kiti akaanza kufumua. Mshono mmoja mmoja, mbele ya watu. Hakueleza vizuri, unamjua haongei, alisema tu, "Nilishona kitu cha mtu. Mnisamehe." Wengine wakadhani ndio mchezo wenyewe, wakapiga makofi. Halafu watoto wakaanza kulia. Mama mmoja akasema kwa sauti, "Si bora angekiri tu kwamba ameshindwa?" Papa alisikia. Aliendelea mpaka vyote vikawa vipande, akavikunja vizuri kama vya mteja, akashuka.

Tangu siku hiyo wanamwita Papa Nyuso. Wateja wanauliza, "Papa Nyuso, suruali yangu itakuwa suruali kweli ikifika kesho?" Anacheka nao. Akifika nyumbani hali chakula.

Nilitaka kukutukana ukurasa mzima. Nilishauandika, Papa akauchukua. Amesema nikuandikie haya tu, kwa maneno yake:

"Exaucé. Usiniombe msamaha mimi. Nenda kwa mwenye kitu. Mwambie yote na usibakize, hata ya huku. Mwambie pia kwamba wale watoto wawili niliowafundisha wameshajua, na wamewaambia wengine shuleni. Hilo siwezi kulifumua. Asije akalisikia kwa mwingine."

Ndiyo hayo. Mimi bado nina hasira, lakini kula vizuri.

Denise


Cyrildene, Johannesburg
24 Februari 2013

Ya Denise, na Papa hapo kwenye cherehani, pumzisha mguu kidogo usikie.

Nilikwenda. Si siku ile niliyopata barua, nisidanganye tena. Nilifika kona ya mtaa, nikaziona taa zao nyekundu za karatasi, nikarudi. Kesho yake vivyo hivyo. Siku niliyoingia, niliingia kwa mlango wa jiko. Mzee Liao alikuwa anakata nyama. Nikapiga magoti kwenye maji ya sakafuni, nikasema. Ya sanduku, ya harusi, ya robot. Nikamwambia ya kwako, Papa, namna ulivyofumua na namna wanavyokuita. Nilipofika kwa wale watoto wanaojua, kisu kilisimama. Kisha kikaendelea. Nikabaki pale mpaka Jean-Claude akanirushia aproni: "Inuka, bwana, unaziba njia."

Nikaosha masufuria. Mzee hakunisemesha, hata lile "lete" lake. Akihitaji sufuria anapita mbele yangu, anainama na mgongo wake mbovu, analichukua mwenyewe. Afadhali angenipiga nalo.

Mwaka Mpya wao safari hii uliangukia Februari, na ndiyo onyesho kubwa. Kamati haikumtaka. Mama Qiu akasema kama Liao hapandi, yeye pia hapandi, na bila Mama Qiu hakuna anayekuja. Wakakubali, lakini wakamweka mwisho kabisa, wakati watu wanatafuta funguo za magari.

Ukumbi ulijaa. Mzee Fung na saksafoni yake, bwana wa Pretoria na paka wake, Mama Qiu akawaliza wanawake. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na ndoo na kitambaa, kupangusa jasho la wapiganaji lililomwagika sakafuni. Jean-Claude ndiye aliyemvisha Mzee. Mimi sikuthubutu hata kusogea.

Akatoka. Uso wa kwanza ukabadilika. Kimya. Wa pili. Kimya. Nikachungulia.

Hakuna aliyekuwa anamtazama usoni, Ya Denise. Ukumbi mzima, wazee kwa watoto, macho yote yalikuwa mikononi mwake na pale ninapojua mimi, pale nilipopataja kwenye kipaza sauti. Mtoto mmoja mstari wa mbele akanyoosha kidole, "Pale! Inatoka pale!" Na baba yake, badala ya kumshusha mkono, akainama aone vizuri. Mzee Liao alimsikia. Hariri imefunika uso, lakini mabega hayafunikwi na hariri. Yalishuka. Alikuwa bado na nyuso nyingi za kubadili, na akasimama tu katikati ya ngoma, kama mtu aliyesahau anakokwenda.

Nilielewa hapo nimefanya nini. Nilidhani nimesema siri. Kumbe nimewatoa watu macho yao.

Sijui nilifikiri nini. Nadhani sikufikiri. Nilitoka na ndoo. Nikateleza, na mwanzo ilikuwa makusudi, lakini katikati ikawa kweli, nikaenda kwa mgongo mpaka katikati ya jukwaa, ndoo kichwani. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Mzee Fung akasimama kwenye kiti. Watu wote wakanitazama mimi, na walipomrudia Mzee Liao, uso ulikuwa wa bluu.

"Aaah," wakasema. Ile aaah ya zamani.

Basi nikainuka nikaanza kugombana na ndoo. Kwa Kiswahili cha Uvira, kabisa, namuuliza kwa nini ananiaibisha mbele ya wageni, mama yake ni nani, amesoma wapi. Wachina hawajui hata neno moja, walikuwa wanafuta machozi. Mweusi. Aaah! Nikajifunga kitambaa kama joho, nikageuza shingo kama jogoo, na uso wangu ukabaki ule ule. Nikajipapasa. Bado ule ule. Yule mtoto wa kidole akacheka mpaka akaanguka kwenye kiti. Wa dhahabu. Mimi mwenyewe nikapiga kelele, na sikuigiza, maana hata mimi ninayejua sikuona.

Tuliporudi nyuma nilikaa karibu na mlango, nikisubiri kufukuzwa. Nyuma ya jukwaa kuna masanduku ya mavazi, na ni mwiko mtu kuyakalia ovyo. Mchekeshaji peke yake, yule wa doa jeupe puani, ndiye anayeruhusiwa kukaa popote. Kule Sichuan wachekeshaji ndio wanaojulikana kuliko wote, mtu anajifunza kuanguka miaka kumi. Hayo Mama Qiu ameniambia baadaye. Mzee Liao alivua kofia, jasho linamchuruzika, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu nirudi. Akagonga sanduku lake kwa kidole.

"Keti."

Mzee Fung akalitazama sanduku, akaenda kufungasha vyombo vyake.

Nikaketi. Nikaanza kumshukuru, akanikata.

"Mimi bado kasirika," akasema. "Jumamosi kuja. Leta ndoo."

Sasa usiende kuwaambia watu wa parokia kwamba nimesamehewa. Sijasamehewa. Sanduku la nyuso lina kufuli, na ufunguo si kwangu. Hatanifundisha tena, ameshasema, na mimi sitamwomba. Nyuso mpya anashona Mama Qiu, mshono mbovu, nauona nauma ulimi. Kazi yangu ni kuanguka. Mzee ananipaka doa puani mwenyewe, anabonyeza dole gumba kwa nguvu kuliko inavyotakiwa, nadhani ndiyo hasira yenyewe inatoka kidogo kidogo.

Papa, wakikuuliza mwanao anafanya nini Joburg, waambie anachekwa. Ndiyo kazi. Ninachekwa mbele ya watu ili mtu mwingine asitazamwe mikono.

Jana Kelly alikuja na wasichana wote wa saluni, wakakaa mstari wa mbele. Nilipoanguka mara ya kwanza alicheka mpaka wigi likaenda upande. Niliona aibu, Ya Denise, ile ile ya harusini, ilinipanda kutoka miguuni mpaka masikioni, nikatamani kusimama niseme kitu, chochote, nijisifu. Halafu nikaanguka tena, maana Mzee Liao alikuwa amebakiza uso mmoja.

Exaucé